Fomu za Waliogeuzwa

Mtaa mzima ulimwita Bi Gundi, na mwenyewe alikuwa ameshasahau ni lini mara ya mwisho mtu alimwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Kazi yake ilikuwa kutibu vitabu. Kitabu kikikatika mgongo, kikiliwa na mende au kikimwagiwa chai, kililetwa chumba cha nyuma cha maktaba, naye akakishona kwa uzi wa nta, akakipaka gundi, akakibana kwa mbao mbili na kukiacha siku tatu. Alikuwa amefanya hivyo kwa miaka thelathini na mmoja. Vidole vyake vilikuwa na ngozi ya pili, ya gundi iliyokauka, na wengi waliompa mkono walijikagua baadaye kama hawajaachiwa kitu.

Alikuwa mama mfupi, mbishi, mwenye mdomo. Alipoambiwa muda wa kustaafu umefika, alimjibu mkuu wa maktaba, "Kastaafu wewe kwanza, mimi nitakufuata." Mkuu wa maktaba alikuwa na miaka arobaini na miwili. Basi akaachwa kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na yeyote aliyemhurumia kwa kukaa katika chumba kile chenye unyevu na baridi, alijibiwa jibu la kumfunga mdomo.

Jibu la kweli hakumpa mtu. Binti yake, mtoto pekee aliyemzaa, alikulia chini ya meza ya chumba kile. Alifanyia humo hesabu zake za shule, akalala humo kwenye magunia ya magazeti mama alipochelewa kumaliza kazi. Alipougua, naye ana miaka ishirini na miwili, jua likawa linamuumiza macho, akarudi humo humo. Alishinda akisoma, amejifunika shuka, mpaka wiki aliyofariki.

Hiyo ilikuwa miaka tisa iliyopita. Na tangu wiki ile, kwenye saa tisa alasiri, watu wanapopungua maktaba, Bi Gundi alikuwa akisikia ukurasa ukifunuliwa nyuma ya kabati la majalada. Si kila siku. Ukurasa mmoja, kisha kimya cha kumtosha mtu kusoma, kisha ukurasa mwingine. Hakuwahi kwenda kuchungulia. Aliogopa mambo mawili, kuona kitu na kutoona kitu, na hilo la pili ndilo lililomtia hofu zaidi.

Kwa hiyo mwezi ule ilipotangazwa kwamba maktaba itajengwa upya, na kwamba wananchi wataulizwa maoni yao kwanza, wengine walifurahi na Bi Gundi akakosa usingizi. Paa lilikuwa linavuja, hilo alilijua, maana ndoo za kukingia maji alizipanga yeye. Choo kilikuwa aibu ya mtaa. Hayo yote yajengwe, hakuwa na ugomvi nayo. Lakini fomu ya maoni ilikuwa na swali moja lililoandikwa kwa wino mzito: ukumbi wa zamani na chumba cha nyuma vibaki, au vibomolewe? Bi Gundi aliandika VIBAKI, akapiga mistari mitatu chini yake mpaka karatasi ikatoboka. Kile chumba kikivunjwa, yeye atakwenda kumsikiliza wapi mtoto wake?

Afisa wa mipango aliyeletwa kusimamia shughuli ile alikuwa mgeni kabisa pale mtaani. Mtu mrefu, mpole, mwenye jasho jingi, futi ya chuma ikining'inia kiunoni. Mtaa ukambatiza Futi kabla hajamaliza kupima lango. Siku ya pili alimjia Bi Gundi akijifuta shingo.

"Mama, ukumbi nimeumaliza, ila upande wa dirisha la mwisho nimekadiria tu. Yule mzee wa kofia ya sufu hataki kusogeza kiti. Nimemwomba mara mbili, ananitazama tu."

Bi Gundi alichungulia ukumbini. Ilikuwa saa nne asubuhi na hapakuwa na mtu. Kiti cha dirisha la mwisho kilikuwa kimevutwa nyuma kidogo, kimeelekezwa kwenye mwanga.

"Keshaondoka," alisema Bi Gundi.

"Aa, ameondoka saa ngapi? Mbona sijamwona akipita?" Futi akacheka, akaenda zake na daftari lake.

Mtu mmoja tu katika mtaa ule aliwahi kuvaa kofia ya sufu kwenye joto lile na kukalia kiti kile. Alikuwa mwalimu mstaafu, wakimwita Mwalimu Koma, kwa sababu hakuweza kusoma gazeti bila kutoa penseli na kuongeza alama zilizosahauliwa. Alizikwa miaka minne iliyopita. Bi Gundi alijiambia kwamba wazee wenye kofia wako wengi duniani, kisha akarudi kwenye gundi yake.

Futi alipotaka kupima chumba cha nyuma, alikataliwa kuingia. "Chumba changu nakipima mwenyewe," alisema Bi Gundi. "Wewe shika ncha hapo mlangoni." Akaivuta futi ndani, akamsomea tarakimu, yule bwana akaandika akiwa kizingitini.

Kisha likafanyika kosa, kwenye droo za kadi. Kila mwanachama wa maktaba ile alikuwa na kadi yake ya karatasi ngumu, yenye namba, jina na anwani, na mtunzaji wa droo alikuwa Bi Gundi, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka kazi hiyo. Mwanachama akifa, Bi Gundi hakuitoa kadi yake wala kuichana. Aliigeuza kichwa chini, akairudisha palepale ilipokuwa. Maana yake huyu amepumzika, asidaiwe kitabu. Hakufundishwa na mtu wala hapakuwa na mahali ilipoandikwa, na hakuwahi kufikiri kwamba kuna haja ya kuiandika. Kadi zilizogeuzwa zilikuwa sitini na tatu. Zilipaswa kuwa sitini na nne, lakini namba 2214, ya binti yake, ilikuwa bado imesimama sawasawa. Miaka tisa mkono umegoma.

Mkuu wa maktaba alimwagiza karani mpya, binti mwenye miezi minne kazini, aorodheshe wanachama wote ili kila mmoja apelekewe barua na fomu. Karani alikuwa mchapakazi, tena wa kupitiliza. Jioni alimfuata Bi Gundi akiwa na uso wa mtu anayesubiri kusifiwa.

"Shangazi, droo nimezimaliza. Halafu kuna kadi zilikuwa zimewekwa ovyo, kichwa chini. Nimezinyoosha zote."

Bi Gundi alishika ukingo wa meza. "Zote?"

"Zote, shangazi. Sitini na tatu. Sasa hivi zinapendeza."

"Na barua?"

"Zimeondoka asubuhi."

Angemgombeza kwa lipi? Mtoto wa watu alikuta kitu kimepinda, akakinyoosha. Bi Gundi alimwambia, "Vizuri," akamsubiri atoke, kisha akafungua droo. Kadi zilikuwa zimesimama mstari mmoja, majina yote juu, kama watu walioitwa wakaitikia. Aliinua mkono aanze kuzigeuza tena, akashindwa kuchagua aanze na nani. Akaifunga droo.

Sanduku la maoni lilikaa mlangoni wiki mbili. Ijumaa asubuhi, siku moja kabla ya mkutano wa hadhara, Bi Gundi na karani walilifungua na kumwaga fomu mezani. Zilikuwa mia mbili na kumi na mbili. Karani alisoma namba, Bi Gundi akawa anapanga, VIBAKI huku, VIBOMOLEWE kule. Namba zile alizijua kama mtu anavyojua ngazi za nyumbani kwake. Kwa hiyo karani aliposoma namba ya kumi na tatu, mama yule alisimama wima.

"Rudia."

Karani akarudia. Ilikuwa namba ya mama mzazi wa kinyozi wa ng'ambo ya barabara, na marehemu yule alikuwa amegeuzwa tangu miaka sita nyuma. Umri, miaka themanini na saba. Maoni: vibaki, na mabenchi ya nje yaongezwe.

Bi Gundi hakusubiri. Alivuka barabara na fomu mkononi, akamkuta kinyozi akimnyoa mteja kidevu.

"Hii mmeiandika nyinyi?"

"Ndiyo, mama," alisema kinyozi bila wasiwasi. "Barua ilikuja kwa jina lake, tena ina mhuri. Tungeirudisha tukisema nini? Tulikaa ndugu wote tukaulizana, mama angesemaje? Tukaandika hivyo hivyo."

"Na hii miaka themanini na saba?"

"Si ndiyo angekuwa nayo mwaka huu?"

Bi Gundi alicheka mpaka akakaa kwenye kiti cha mteja anayesubiri. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, ila maoni yake kumbe wanayajua wanawe! Alirudi maktaba amepata nafuu, na waliogeuzwa walipoendelea kutokea kwenye lundo, wa nane, wa kumi na tano, wa ishirini, hakushtuka tena. Kila mmoja alikuwa na mjane, mjukuu au shemeji wa kumjibia. Watu wa mtaa ule hawakuwa wazembe wa kuacha barua ya serikali bila majibu.

Mpaka ilipofika fomu iliyoandikwa kwa penseli.

Mwalimu Koma hakuacha mke wala mtoto. Chumba alichopanga kilivunjwa mwaka uliofuata kifo chake, pakawa maegesho ya magari. Barua yake haikuwa na mlango wa kupita. Lakini fomu hii hapa, namba yake, umri wake, na maoni kwa mwandiko ulioinama kidogo kulia: *Dirisha la mwisho lisihamishwe, mwanga wake unatosha.* Na kwenye maelezo yaliyochapwa juu ya fomu, mahali ambapo wachapaji walisahau, palikuwa pameongezwa koma mbili za penseli.

"Shangazi, niendelee?" aliuliza karani.

"Endelea kusoma."

"Namba 2214."

Bi Gundi alimpokonya ile karatasi. Ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa, moja moja, za mtu aliyechukua muda wake. Umri: 31. Maoni: VIBOMOLEWE. CHUMBA CHA NYUMA KINA BARIDI, NA MAMA AMEKAA HUMO MNO.

Alimrudishia karani karatasi, akamwambia kichwa kinamuuma, akavaa viatu vyake, akaenda nyumbani mchana kweupe, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka.

Mumewe alikuwa fundi wa kufuli. Meza yake ilikuwa barazani, imejaa funguo zisizo na wenyewe, na yeye ameinamia kitasa cha mtu. Hawa wawili walipendana, mtaa mzima ulijua, lakini jina la binti yao halikuwa limetajwa katika nyumba ile tangu siku ya mazishi. Hawakuwahi kukubaliana hivyo. Ilitokea tu, wiki ikawa mwaka, na baadaye hakuna aliyejua pa kuanzia.

"Baba," alisema Bi Gundi, "kuna barua yoyote ililetwa hapa kutoka maktaba? Ukiacha yangu na yako?"

Fundi hakuinua uso. "Barua gani?"

"Barua yoyote."

"Sijaona barua."

Bi Gundi alimwamini. Katika ndoa ya miaka thelathini na mitano, mwanamume huyu hakuwahi kumdanganya, ila kuhusu idadi ya vijiko vya sukari anavyotia kwenye chai. Na kama si yeye, basi nani? Alikaa kwenye ngazi ya baraza, hofu na furaha zikamjia pamoja. Kama Mwalimu Koma ameandika, mwanawe ashindwe kwa nini? Ina maana yuko. Miaka yote hii yuko, anasoma nyuma ya kabati, tena anamwona mama yake akitetemeka na baridi. Lakini mbona anataka pavunjwe? Mtoto gani anaomba avunjiwe mahali anapokutana na mama yake?

Saa tisa alikuwa amesharudi chumba cha nyuma cha maktaba. Alizima redio ndogo, akakaa mikono magotini, akasikiliza. Mbao zililia kidogo kwa joto. Tone la maji lilianguka kwenye ndoo.

"Unataka niondoke?" aliuliza kwa sauti. "Si useme basi, mwanangu."

Alasiri ile hapakufunuliwa ukurasa hata mmoja.

Mkutano ulifanyika Jumamosi saa nne asubuhi, katika ukumbi wenyewe wa zamani. Penye wengi pana mengi, na kabla ya kuanza watu walishagombania viti, kivuli na nani aongee kwanza. Mwenyekiti wa mtaa aligonga meza. Alisema kila fomu iliyogusa ukumbi au chumba cha nyuma itasomwa, na mwenye nayo asimame ili ihesabiwe. Fomu isiyo na wa kuisimamia itatupwa. "Asiyekuwepo na lake halipo," akamalizia, akakaa.

Bi Gundi alikuwa safu ya pili, mumewe kando yake kwa shati la kupigwa pasi. Asubuhi ile alikuwa ameuacha mlango wa chumba cha nyuma wazi. Hakujiuliza sana kwa nini.

Futi alisoma kwa sauti yake ya upole, akitia alama kila mtu aliposimama. Ilipofika zamu ya mama wa kinyozi, walisimama ndugu watano kwa mpigo, ukumbi ukaangua kicheko, na mwenyekiti akaruhusu ihesabiwe kama fomu moja, si tano. Walisimama wajane, wakasimama wajukuu. Kisha Futi akaokota ile ya penseli.

"Dirisha la mwisho lisihamishwe, mwanga wake unatosha. Mwenyewe yupo?"

Waliomkumbuka mkaaji wa dirisha lile walitazamana. Futi aliinua macho, akayapeleka moja kwa moja kwenye dirisha la mwisho, akatabasamu.

"Asante, mzee. Kaa tu, usijisumbue."

Akatia alama yake.

Vichwa viligeuka. Kiti cha dirisha la mwisho kilikuwa kitupu, kimevutwa nyuma kidogo, na katika ukumbi ule uliojaa watu mpaka kwenye ngazi, hakuna aliyekuwa amekikalia. Mwanamke aliyekaa jirani na kiti kile aliuchukua mkoba wake sakafuni taratibu, akaupakata. Futi hakutambua lolote. Alilamba kidole, akachukua fomu inayofuata.

Hapo Bi Gundi akajua yule bwana ana macho ya namna gani. Hakutazama dirisha wala mlango. Alimkazia Futi macho, asipitwe na hata kope yake, maana mahali yatakaposimama macho yale ndipo atakapokuwa mwanawe.

"Vibomolewe. Chumba cha nyuma kina baridi, na mama amekaa humo mno." Futi aliitafuta namba juu ya karatasi. "Namba 2214. Mwenyewe yupo?"

Bi Gundi hakusimama. Alijua asiposimama mtu, fomu itatupwa, na chumba kitakuwa kimepunguziwa adui mmoja. Lakini si hilo lililomkalisha. Macho ya Futi yalipita safu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Yakaenda madirishani. Yakafika kwenye mlango wa chumba cha nyuma uliokuwa wazi, yakatulia pale. Bi Gundi aliacha kupumua. Mwangalie, alisema moyoni. Mwambie akae. Mwambie asante.

Macho yakapita, yakarudi kwenye karatasi.

"Mwenye fomu hii hayupo?"

Aliuliza kama anavyouliza mtu yeyote mwenye orodha ndefu na jua kali. Mwenyekiti alinyoosha mkono aipokee, aitupe.

"Hayupo," alisema Bi Gundi.

Alikuwa amesimama, hakujua saa ngapi. Neno lenyewe lilimtoka dogo, na ukumbi wote ukalisikia. Hakuwa amelitamka kwa miaka tisa, hata peke yake, hata kwenye mto wa kulalia.

"Hayupo. Alifariki. Ni binti yangu, na alikuwa na miaka ishirini na miwili." Machozi yalikuwa yanamtiririka wala hakuyafuta. "Ila usiitupe hiyo fomu. Hapo pameandikwa miaka thelathini na mmoja. Wanaomhesabia miaka mtoto yule ni watu wawili tu duniani, na mmoja ni mimi."

Akageuka, akamtazama mumewe. Fundi alikuwa ameinama mpaka kidevu kimegusa kifua, na mikono yake iliyofungua vitasa vya mtaa mzima ilikuwa imebana magoti.

"Simama, baba," alisema Bi Gundi kwa upole. "Simama useme lako."

Fundi alisimama kwa shida, ameshika kiti cha mbele yake.

"Nimeandika mimi," alisema. "Nilitaka mke wangu arudi nyumbani."

Futi alisubiri, kalamu hewani, kisha akauliza kama aitie alama ile fomu. Fundi akaitikia kwa kichwa. Bi Gundi alimshika mumewe mkono, na kwa mkono wake wa pili akaomba arudishiwe fomu yake mwenyewe, ile yenye mistari mitatu, na kalamu.